Nani Kachukua Udongo Wetu?

Zenmatten, Valais
12 Juni 1954

Kaka yangu Theodul,

Pokea salamu zangu, na uzifikishe kwa shemeji Olga na watoto wenu. Natumaini Basel inawatunza. Huku tunapumua, theluji imekwisha na ng'ombe wamepanda malishoni.

Ila kaka, kuna mtu anatuibia udongo. Usicheke. Unajua kila majira ya baridi udongo wetu huteremka na kujaa kwenye tuta la mwisho chini, nasi kila Machi huuchimba na kuubeba kwa vikapu vya mgongoni hadi kichwani mwa shamba, kabla ya kumwaga samadi. Basi mwaka huu nimekwenda, nakuta tuta la chini limechimbwa, tupu! Nyayo za viatu vya misumari zimejaa. Udongo hauna miguu.

Nilimshuku Viktorine, mjane wa Basil, mwenye shamba chini yetu. Nani mwingine? Mwaka jana maharagwe yake yalinona mno, hata nikakosa raha. Nikaanza kumvizia. Nikachungulia kikapu chake, nikakuta kina matope. Nilipomuuliza akasema, "We Kamil, kikapu cha mkulima ulitaka kiwe na nini, keki?" Jibu la mwizi hilo, nikajiambia.

Nikamshtaki kwa wazee wa mfereji, wagawao maji ya mashamba. Wakamfungia zamu yake ya maji, na Jumatano wakaja kukagua. Viktorine alikiri kwamba ni kweli alichimba, lakini udongo aliupandisha juu, shambani kwetu sisi. Walicheka! Mzee Leander akasema tangu azaliwe hajaona mtu akimbebea jirani udongo bure. Walipopanda juu wakakuta udongo mpya, mzito, umetandazwa vizuri. Wakaniuliza nani kaupandisha. Nikaapa ni mimi, na kwamba Viktorine aliiba uliobaki. Wakaniamini, na maji yake yakabaki yamefungwa.

Sasa kaka, kaa chini. Sijapandisha kikapu hata kimoja mwaka huu, wala mwaka jana. Mgongo umenishinda, nami nikaona haya kusema. Mbegu nilipanda hadi katikati ya shamba tu. Huko juu nilikuwa sijafika tangu mwaka juzi. Vile vikapu tisini nilivyokuandikia ni uongo mtupu. Niliogopa, maana ulisema shamba likitelekezwa utauza nusu yako. Nilipouona ule udongo nilijua pale pale nani kaubeba, na bado nikaapa.

Jana Viktorine alinisimamisha njiani. Alisema hakubeba kwa kunipenda. Udongo ukirundikana chini, kuta za matuta yetu zitaporomoka na kumwangukia yeye. "Haya, endelea kuapa," akasema, akaenda zake. Maharagwe yake, chakula chake cha baridi nzima, yananyauka. Nayaona kutoka dirishani, na nina aibu, kaka, aibu ya kunikosesha chakula.

Kesho baada ya misa nitasema yote mlangoni pa kanisa, mbele ya wazee na yeye akiwepo. Barua hii naitia posta leo, ili kesho nikiamka na woga nisiwe na pa kurudi. Nusu yako ukitaka kuuza, uza. Ila muulize Viktorine kwanza, maana ndiye aliyeilima.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Kamil