Kinu cha Mama Béa Hakitakauka

Mama Béa,

Kwanza, usicheke. Mwalimu wa Kiingereza sasa ni mimi.

Ndiyo, mimi Jérôme wa jiografia, yule uliyesema Kiingereza chake kinatembea kama pikipiki yenye gurudumu moja. Tulipokuzika, darasa lako la Jumamosi lilibaki bila mtu. Prefe, mkuu wetu wa shule, akasema, bon, asipopatikana mwalimu tulifunge, watoto wa mwaka wa sita watajipanga wenyewe na mtihani wa taifa. Mkono wangu ukapanda juu kabla sijakiuliza kichwa.

Nilipofika kwako, mume wako alinipa kinu na mchi bila kuuliza. Mtaa mzima unajua ulivyofundisha: neno refu unalikata vipande, kila kipande pigo moja, na penye uzito wa sauti unashusha mchi mpaka majani ya muhogo, ile pondu yako, yanaruka. "Musimeze neno kama kidonge! Mulitwange!" Jioni tulilila somo hilo na wali.

Alors, Jumamosi ya kwanza nikachagua neno opportunity. O, po, tu, ni... nikavuta pumzi... TI! Pigo zito mwishoni, Kifaransa kabisa. Pondu ikanijaa ndevuni. Kisha Solange, yule uliyemwita Radio, akasema: "Papa Jérôme, uzito haiko kule." Nikausogeza nyuma hatua moja, nikapiga NI, kama tunavyosema Kiswahili chetu. Hapo ndipo walipocheka.

Solange akaomba mchi. O, po, TU, ni, ti. Darasa lote likapiga madawati pamoja naye, na ile TU, Mama, ilikuwa yako kabisa. Nikageukia dirisha, nikasema naangalia mvua. Mvua yenyewe haikuwepo.

Prefe alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuona kama nitaweza. Akaniangalia, akawaangalia watoto. "Mwalimu, futa ndevu," akasema, akaenda zake. Hakufunga kitu.

Sasa kila jioni ninatwanga peke yangu uani. Majirani wanadhani nimeoa mke wa pili asiyejua kupika. Waache. Watoto wako watafika kwenye mtihani huo wakijua pa kushusha mchi, hata kama itabidi nikosee mbele yao kila Jumamosi.

Pumzika, Mama. Siku nitakapokufuata, usinipokee kwa Kiingereza, niache kwanza nikae. Lakini kwa sasa nina kazi. Nakuahidi, kinu chako hakitakauka.

Jérôme wako, mwenye pondu ndevuni