Oili Isiyo Yake

Kaka mpendwa,

Sisi wazima. Goti la Mama limepoa, na paka amezaa ndani ya kabati lako la nguo.

Ila lile gari kuukuu la Baba limetutia hofu. Jumanne nilikuwa nimempakia Mama, tukipanda kilima cha shule. Injini ikanguruma lakini gari likagoma kusogea, kisha likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki huku Mama akipiga yowe.

Fundi alipochungulia giaboksi aliniita pembeni. "Dada, gia za otomatiki hii zinateleza kwa sababu humu kuna oili ya injini badala ya oili yake. Nani kaitia?"

Kaka, anayelitia oili gari lile ni Baba peke yake. Baba huyu, fundi magari wa miaka thelathini! Tangu mwezi uliopita ananiita kwa jina la shangazi, nami nilikuficha nisikutie wasiwasi.

Kumbe Baba alikuwa karibu, akatusikia. Akaja akifoka, "Mjinga gani kafanya hivi?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa akijitetea, alikuwa hakumbuki kabisa. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Nisamehe."

Akaninyang'anya ufunguo. "Basi kuanzia leo gari hili naendesha mimi tu."

Giaboksi imesafishwa na gari linapanda vizuri. Leo asubuhi Baba amempeleka Mama sokoni, nami baada ya uongo wangu nimekosa ulimi wa kumzuia. Njoo, Kaka. Wewe atakusikiliza.

Ni mimi, mdogo wako.