Notisi ya Dakika Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kuiboresha seva ya maktaba ya sauti, nikiwa hapa mezani kwangu. Mfumo wake wa Linux umepitwa na wakati. Isipoboreshwa kufikia Ijumaa saa sita mchana, ofisi ya mtandao itaikatia mtandao. Humo mna vitabu vyote tulivyowasomea wanafunzi wasioona, saa elfu sita za sauti, na nakala nyingine haipo. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Mtihani wake ni wiki ijayo.

Kuifikia kwa miguu haiwezekani. Jengo lilipasuka, na mwaka jana mlango wa chumba cha seva ukazibwa kwa matofali. Umeme na waya wa mtandao vikaachwa. Ikizimika ikakataa kuwaka, hakuna wa kubonyeza kitufe. Hakuna!

Jumanne, 5 Machi

Mfumo mpya umeingia wote. Imebaki kuizima na kuiwasha upya. Nikatoa notisi ya kuizima baada ya dakika kumi, kama nilivyozoea tangu zamani — huenda yupo mtu chumbani anayesikiliza kitabu. Mazoea ya kijinga, kwa chumba kilichozibwa.

Dakika ya tisa notisi ikafutwa, na seva haikuzimika.

Nilikosea herufi? Mimi sikosei herufi.

Jumatano, 6 Machi

Mara mbili tena. Zote zimefutwa.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Amri ya kufuta haikupitia mtandao. Imeandikwa kwa kibodi ya chumba cha seva.

Kibodi hiyo niliichomoa kwa mikono yangu siku tulipohama. Imo kabatini, chumbani kwangu, imefungwa kwa kitambaa. Nimekwenda kuhakikisha. Imo.

Mjukuu ananicheka: eti Bibi leo kapata wa kubishana naye. Nimemwambia akasome.

Alhamisi, 7 Machi

Amri ya kufuta notisi nilimfundisha mtu mmoja tu: mlinzi wetu. Akimaliza zamu alikuja kusikiliza vitabu. Nikitoa notisi, huja mbio — Mama, usiizime, sijafika mwisho! Nilichoka kusumbuliwa, nikamfundisha kuifuta mwenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayepigilia misumari.

Tangu siku ya kuhama hajaonekana. Tulisema amerudi kwao bila kuaga. Tukamlaumu kwa utovu wa adabu. Nami nilimlaumu.

Nimempigia simu fundi aliyejenga ule ukuta. Ameapa kwamba chumba kilikuwa kitupu: mlinzi mwenyewe ndiye aliyewaambia wazibe tu.

Nikamuuliza, akiwa amesimama wapi?

Akaanza kuapa tena. Kisha: Mama, tulimsikia. Kumwona, hatukumwona.

— Sauti ilitoka upande gani?

Akasema ana kazi, atanipigia. Hajapiga.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tano na robo. Notisi — imefutwa.

Saa tano na nusu. Imefutwa kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Sasa ananisubiri.

Ipo amri isiyotoa notisi. Huzima papo hapo. Miaka yote ya kazi sijaitumia, kwa sababu ya adabu tu. Nisipoitumia, saa sita watoto wote wale watabaki bila vitabu. Nikiitumia, yeye—

Yeye nani? Andika kwa ukamilifu, mwanamke wewe. Hakuna mtu mle.

Saa sita kasoro dakika nne. Amri nimeiandika. Imebaki kubonyeza mara moja. Mkono wa kushoto uko juu ya kitufe. Wa kulia ndio unaoandika haya daftarini.

Mjukuu ametoka chumbani kwangu akipapasa ukuta. Ananiuliza mbona anasikia nikichapa sehemu mbili.

Nimemwambia niko hapa, mezani.

Anasema kabatini mnagongwa. Polepole, Bibi. Kidole kimoja. Kama mtu anapigilia misumari.

Kasoro dakika mbili. Sasa nami nasikia.