Miguu ya Mama na Kinu cha Seli

Jumatano, Zinga. Mvua imekatika tangu alfajiri. Nguo hazikauki, lakini roho yangu imetulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili mama alikanyaga kaa la moto akiepua vitumbua. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyesikia harufu, nikapiga ukelele. Kumbe nyayo zimekufa ganzi tangu mwezi uliopita, na kila tukienda kliniki akiulizwa hali anajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Kwake yeye, kulalamika ni kumkufuru Mungu.

Nilikasirika. Halafu nikaogopa.

Mama ana saratani ya uboho. Sindano anayochomwa tumboni kila wiki ndiyo inayomshikilia, na hiyo hiyo ndiyo inayoumiza mishipa yake ya fahamu. Nikawaza, tukisema watamwachisha dawa. Nakiri, kwa siku mbili nilitaka na mimi ninyamaze.

Jana, tukielekea Dar, akaniuliza sindano inafanya nini hasa. Mwalimu mzima wa baiolojia, sijawahi kumweleza! Nikamwambia seli haivunji protini ovyo. Iliyoharibika hubandikwa alama kwanza, kama nyumba za kando ya barabara zinavyopigwa X nyekundu kabla ya kubomolewa, na ikionekana imeonewa, alama hufutwa. Zinazobaki na alama huingizwa kwenye kinu zikakatwakatwa. Seli za saratani hutengeneza protini kupita kiasi, taka zao hazina mfano. Sindano inaziba kinu, zinafia kwenye uchafu wao.

Akauliza kama seli za miguuni nazo zina kinu hicho. Nikasema zinacho.

"Basi hizo zinaponzwa na jirani," akasema.

Daktari, binti mdogo tu, alimwamkia akamwuliza hali. Mama akajibu sijambo, kama kawaida. Nikamfinya.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "miguu siisikii."

Hakugombezwa. Kidonda kilisafishwa, dozi ikapunguzwa, apumzike wiki moja kisha tuendelee. Tena vipimo vinaonyesha protini mbaya ambayo seli za saratani humwaga kwenye damu imeshuka sana. Mama alicheka, mimi nikalia mbele za watu, aibu tupu.

Leo asubuhi nimemwuliza ameamkaje. Salama, akasema. Sikuondoka. Nikavuta kigoda, nikakaa.

Ndipo akasema, "Naogopa."

Nikamwambia hata mimi. Tukaogopa pamoja, kisha tukanywa chai. Kesho nitauliza tena, na nitakaa.