Kapu Langu Mlangoni

Maji ya Chai,
9 Machi 1956

Kaka Sumari,

Shikamoo. Mama ameacha kukohoa, na kahawa yako imechanua vizuri.

Jumamosi nilikwenda mjini Arusha kumnunulia Mama blanketi. Nikalipa, nikapewa risiti. Mlangoni mwa duka alisimama mlinzi, Elimringi, yule Mchaga tunayeimba naye kwaya. Mama mmoja wa Kizungu alinitangulia na kapu kubwa kuliko langu. Huyo alifunguliwa mlango na kuinamiwa. Mimi nikaambiwa, "Fungua kapu, dada."

Nikamwonyesha risiti, hata hakuitazama. Alitoa kila kitu akakitandaza sakafuni, hata vile ambavyo mwanamke hamtajii kaka yake. Watu wakakodoa macho. Alipokosa cha wizi akasema, "Haya, nenda." Hata pole sikupewa! Mimi mwizi, kaka?

Jana alikuja nyumbani na jani la isale mkononi, kuomba msamaha kimila. Eti asingenipekua, tajiri wake angemfukuza kazi. Mama akanikumbusha kwamba aliyeleta isale harudishwi.

Sikumrudisha. Ila nilimzuia mlangoni nikamwambia, "Fungua mfuko, kaka."

Akafungua. Nikatandaza chini kitabu chake cha nyimbo na sukari aliyotuletea, majirani wakiona. Ndipo nikalipokea jani.

Mama hasemi nami tangu jana, ila sukari ile anaitia kwenye chai. Mimi nakunywa bila sukari.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Eunike