Mwano Nilioupiga Njiani Kuja Kwako

Uwanja wa Hospitali,
Geita.
27 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Vumilia,

Nakusalimu kwa mapenzi yote. U mzima? Ule mguu umeacha kukusumbua? Mwanao Nelly na mtoto wake hawajambo? Mama kule Ngokolo anakula vizuri na anagombana na kila anayepita mlangoni, kwa hiyo ujue afya anayo. Mimi ni mzima wa mwili. Shemeji yako Ngassa mbavu zinamuuma lakini anatembea, na sababu ya hizo mbavu utaisoma humu.

Najua ulitungoja mpaka tarehe ikapita. Nilipokuambia kwenye simu kwamba gari limeharibika, nilikudanganya. Gari ni zima. Nimeandika barua kwa sababu kwa simu ungenikatia katikati, na ningekuwa sina la kulalamika. Naomba usome mpaka mwisho. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama utanifungulia mlango nikifika Masasi au hutanifungulia.

Nianze na gari. Unaikumbuka Hiace ya abiria ya Ngassa? Aling'oa viti vyote, akatengeneza kitanda cha mninga, kabati la vyombo na tangi la maji juu ya paa. Mimi nikashona mapazia mazito ya kitenge cha bluu. Mtaa mzima ulicheka. Walisema mzee hatimaye kapata nyumba ndogo, tena mke mkubwa kakubali kulala humo humo. Mpango ulikuwa tupite kwanza Geita kufagia kaburi la mume wako, marehemu Adam, kama ulivyoomba, halafu tugeuze kuja kwako polepole, tukilala na kupika tunapopenda. Miaka tisa hujakanyaga huku. Nikasema kama mdogo wangu haji, basi nyumba yangu itamfuata.

Tulikuwa tuondoke Jumatatu. Jumatatu betri ikagoma. Jumanne Ngassa akagundua kwamba mlango wa kabati ukifunguka kitanda hakiteremki, akaanza kupiga randa upya pale barabarani na mizigo yote iko ndani. Jumatano tulifika Tinde nikakumbuka mtungi wa gesi, tukarudi Ngokolo. Nilimtukana mpaka koo likakauka, ingawa mtungi niliusahau mimi. Unanijua.

Alhamisi tukaipita Kahama na kushika njia ya Kakola kwenda Geita. Vumilia, nilikuwa na furaha ya kitoto. Tulisimama kuangalia watu wanavyovuna mpunga, tukasimama kwa wafugaji kunywa maziwa ya mgando, tukasimama chini ya mgunga Ngassa apike chai ili tu ajaribu jiko lake. Halafu mimi nikataka michembe. Nilijua Masasi huipati ile ya viazi vitamu vyeupe iliyokaushwa vizuri, nikamlazimisha aache barabara kubwa aingie kijiji kimoja cha ndani. Hakutaka. Nikamwambia basi nitashuka nitembee. Akaingia.

Hatukufika hata kijijini. Mwiba ukatoboa tairi la nyuma, na tairi la akiba lilikuwa limelala chini ya kitanda miezi mitatu bila upepo. Ngassa akapanda bodaboda nalo kwenda kutafuta fundi huko barabarani. Aliniambia nijifungie ndani, nikajifungia, nikashusha mapazia, nikazima simu isiishe chaji, nikalala. Ilikuwa saa tisa mchana na jua kali.

Nilishtuka gari linainuka. Kitanda kilikuwa kinapanda upande mmoja taratibu. Nikafungua pazia kidogo na kumwona mwanaume nisiyemjua, kifua wazi, amechuchumaa anafungua gurudumu letu. Hakuna Ngassa wala mtu mwingine, ni yeye na spana kubwa mkononi.

Nikapiga mwano.

Wewe umelelewa huku, sina haja ya kukueleza. Mwanamke wa Kisukuma akiupiga ule ukelele, kila mwenye mikono anaacha alichoshika na kukimbia na silaha. Asiyekimbia atatozwa ng'ombe na sungusungu na hataazimwa hata moto. Hakuna anayeuliza kwanza. Sikuwa nimeupiga tangu tukiwa wasichana, ile siku fisi alipoingia zizini. Nilishangaa sauti bado ninayo. Ukajibiwa upande wa mpunga, ukajibiwa ng'ambo ya korongo, na kabla sijamaliza pumzi ya tatu walikuwa wamefika, labda arobaini, na fimbo, miundu na mipini ya majembe.

Yule mtu hakukimbia. Aliinua mikono juu, na spana ilikuwa bado mkononi. Fimbo ya kwanza ilimpiga kwenye kiwiko na nikasikia mfupa ukivunjika. Akaanguka magotini. Akawa anasema, "Nimetumwa! Nimetumwa na mzee!" kwa lafudhi ya Kikurya, na lafudhi hiyo ndiyo iliyowazidishia hasira. Walimpiga mgongoni, kichwani, mdomoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimchoma jichoni kwa ncha ya mpini, mtoto analia na yeye anachoma. Damu iliruka hadi kwenye kioo nilichokuwa nachungulia.

Sasa nakuambia nililowaficha wote isipokuwa polisi. Sikunyamaza mle ndani. Niligonga kioo kwa ngumi nikapiga kelele, "Msimwachie! Msimwachie huyo!" Nilimkumbuka Adam, Vumilia. Nilikumbuka alivyoletwa kwenye mkokoteni amefunikwa kanga ya mtu. Nikaona kama huyu aliyelala chini ni mmoja wa wale waliomuua, na hatimaye kuna anayelipa. Nilifurahi. Usinisamehe neno hilo haraka. Nilifurahi.

Ngassa alitokea na bodaboda, tairi limelala mapajani pake. Akalitupa akaingia katikati yao anapiga kelele, "Lekagi! Acheni! Ni fundi wangu huyo!" Hawakumsikia. Akamlalia yule mtu kwa mwili wake, na mbavu zake mbili zikavunjika kabla mkono wa mwisho haujashuka. Jina la yule mtu ni Chacha. Anachimba dhahabu kwenye mashimo ya karibu na hapo, na siku ambazo shimo halitoi anaziba pancha. Ngassa alimtanguliza aje afungue gurudumu wakati yeye anangoja tairi lijazwe. Alinipigia simu kuniambia. Simu nilikuwa nimeizima.

Fimbo zikaanguka chini moja moja. Halafu, mdogo wangu, walewale waliompiga wakalifunga tairi letu kwa spana yake, haraka, bila kuangaliana usoni. Tukamlaza kwenye kitanda cha mninga. Ngassa alikitengeneza kwa ajili yetu, na wa kwanza kukilowesha safarini akawa Chacha, kwa damu yake.

Kamanda wa sungusungu, mzee Bujiku, aliingia garini pamoja nasi. Si mtu mbaya. Njia nzima aliniambia jambo moja, kwa sauti ya chini, kwa heshima: "Mama, wewe uliita, sisi tukaja. Polisi useme ulimwona anaiba gurudumu. Mgeni huyu, Mkurya, mchimbaji, nani atauliza? Ukisema hivyo wote tutarudi nyumbani." Na kweli ingetosha. Chacha alikuwa hawezi kusema. Ngassa alimtuma, lakini hakuona alichofanya pale mwanzo. Kila kitu kilikuwa kwenye mdomo wangu.

Tulipofika hospitali mke wa Chacha, Bhoke, alikuwa ameshapata habari, amefika na bodaboda na kandambili za rangi mbili. Hakunijua. Aliona mtu mzima amesimama mlangoni, akapiga goti kidogo katikati ya kilio chake akasema, "Shikamoo mama." Nami nikaitikia marahaba. Niliitikia, Vumilia, damu ya mume wake iko kwenye sketi yangu.

Halafu akaanza kusema ovyo kama mtu anavyosema akichanganyikiwa. Akasema mume wake ni mtu wa adabu, hawezi kugusa gari la mtu bila kuuliza, lazima alipiga hodi kwanza, yeye hata kwenye banda la kuku hupiga hodi. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni. Kwa sababu aliipiga. Niliisikia usingizini, hodi, hodi, hodi, mara tatu, nikadhani ni ndoto, nikageukia upande wa pili.

Nilikwenda polisi usiku haujaingia nikasema yote, la hodi na la msimwachie. Wamekamatwa sita, na Bujiku akiwamo. Mimi nimeandikisha maelezo na kuwekewa dhamana, ninaripoti kila Jumatatu mpaka kesi itakapotajwa. Kule kijijini wameapa nisipite. Wanasema nimewaita halafu nimewauza, na kwa desturi yetu wana haki ya kukasirika, kwa maana aliyekimbilia mwano hana kosa, kosa ni la aliyeupiga. Nimewaambia polisi hivyo pia. Hawakuliandika.

Chacha atapona. Jicho la kushoto limekwenda, mkono wa kulia madaktari wana mashaka kama utashika sururu tena. Yeye na Bhoke wana watoto wanne. Hatuondoki hapa. Gari limeegeshwa uwanjani, tunalala humo, na jiko la Ngassa sasa linapika uji wa mgonjwa. Siku nane za kwanza Bhoke aliupokea kwa mikono miwili, akazunguka nao nyuma ya jengo akaumwaga. Nilimwona, nikapika tena. Siku ya tisa aliacha kumwaga. Hajaniamkia tena tangu ile siku ya kwanza.

Juzi Chacha alifungua mdomo uliovimba akaniita kwa kidole. Niliinama nikijua ni laana na nimeshajiandaa kuipokea. Akaniuliza, "Mama, zile nati walizikaza? Mimi nilikuwa nimeshazilegeza zote." Ngassa akatoka kwenda kuangalia. Mbili zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Tulikuja nazo hivyo kutoka kule mpaka hapa.

Sasa nifike kwako. Yule mama wa sokoni Katoro aliyemfananisha Adam akapiga kelele za mwizi, unakumbuka alikuja msibani siku ya tatu? Alipiga magoti mlangoni na kanga kichwani. Wewe ulikuwa ndani huwezi hata kuinuka. Aliyetoka ni mimi. Nilitoka na mchi nikampiga nao begani mara mbili mbele ya waombolezaji, nikamfukuza mpaka barabarani, na watu wakanisifu. Miaka tisa tumemwapiza pamoja, wewe na mimi, kila tunapoongea. Hatukumuuliza hata jina. Ningekuwa nalijua ningemtafuta, Katoro si mbali na hapa. Sijui ningemwambia nini. Pengine ningempa ule mchi.

Kaburi la Adam ni safi. Ngassa amelifagia, amelipaka chokaa na kupiga picha, nitakutumia. Mimi nilifika mpaka kwenye uzio wa makaburi nikashindwa kuingia.

Sikuombi unitetee. Natafuta neno la kujitetea mwenyewe na kila nikilipata nagundua kwamba lingemfaa yule mama pia, nalo tulimnyima. Nakuomba kitu kimoja. Kesi ikinipa ruhusa na Chacha akiweza kukaa, tutaendelea na safari, hata ikiwa mwezi wa kumi. Sitakupigia simu kwanza. Nitafika mchana, nitashuka, nitapiga hodi mara tatu kama alivyopiga yeye. Ukikaa kimya nitajua hujalala. Sitagonga ya nne. Tutageuza gari hapohapo, na nitakupenda njia nzima ya kurudi.

Nisalimie Nelly na umbusu mjukuu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, yeye nimemwambia gari limeharibika. Ngassa anasema kitanda amekisugua mara nne na bado anakisugua. Michembe sikununua. Mungu akulinde na sauti za watu, hasa zile zinazofanana na yangu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda nikiwa nje ya mlango,

Martina
(Mama Lusia)