Shingo ni ya Mchinjaji

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na mama pia, hata kama yuko uani anapepeta mchele na kujifanya hasikii. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima hapo Buhongwa, na mkono wako uwe umepata nafuu, maana Mwajuma aliniambia unatetemeka hadi chai inamwagikia kisahani. Mimi mwili ni mzima. Huku Japani theluji imeziba mlango wa nyuma, lakini mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huniuliza kama nimekula, kisha unampa mama, na safari hii nina neno ambalo inabidi ulisikie mpaka mwisho. Najua anayekusomea ni dada Mwajuma. Dada, soma polepole, na usicheke kabla baba hajacheka.

Nianze na kazi. Kiwanda hiki cha nyama kilikuwa cha baba yake bosi wangu, bwana Tanabe. Vijana wa hapa wamehamia mijini, walaji wamepungua, ndipo akapata wazo la kuuza nyama nchi za Waislamu. Hakuwa amewahi kuzungumza na Mwislamu hata mmoja mpaka alipokuja chuoni kwetu huku, tulikofundishwa kwa Kiingereza, nilipokuwa namalizia masomo ya mifugo. Aliniuliza kama najua kuchinja. Nikamwambia baba yangu ndiye mchinjaji wa mtaa. Akainama, na kazi nikaipata hivyo.

Amejenga chumba kipya cha kuchinjia halali, chenye visu vyake, kulabu zake na mfereji wake wa maji. Hata mifagio ina rangi yake isije ikachanganyika na ile ya upande wa pili, wa nguruwe. Anauliza kila kitu, na hachoki kuuliza. Aligundua kwamba sosi ya kantini ina kileo ndani, akaninunulia chupa nyingine isiyo na kileo na kuibandika jina langu. Chupa hiyo inakaa mwisho wa meza, nami nakaa nayo hapo hapo.

Sasa msikie nilichofanya siku ya kwanza. Wakaguzi wa muhuri wa halali walikuwa wamesimama wanatazama. Nikasema bismillahi, mkono ukakubali, ng'ombe akatulia vizuri. Bwana Tanabe akaniuliza kupitia kwa mkalimani kama kuna jambo lolote limebaki. Nami kwa mazoea ya kwetu nikajibu, "Bado shingo."

Baba, kazi ilisimama. Walidhani shingo ni haramu. Wakaitenga, wakanawa mikono, mmoja akaanza kuandika kwamba kila mnyama aondolewe shingo yake. Mkaguzi naye ananitazama, anajiuliza hiyo nimeisoma kitabu gani. Ikabidi nieleze kwamba kwetu Mwanza mwenye mnyama humpa mchinjaji shingo, iwe shukrani yake.

"Kwa hiyo si dini?" akauliza bwana Tanabe.

"Si dini. Ni ujirani."

Alifikiri kidogo, akasema basi hata hapa shingo ni yako. Tangu siku hiyo, kila tukichinja, ananikabidhi shingo kwa mikono miwili, imefungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Ng'ombe wa huku ni wakubwa, shingo moja inatosha kulisha ukoo. Friji yangu imejaa shingo.

Nazila peke yangu, na hapo ndipo ninapoumia. Nimewaalika wenzangu wa kazini. Wanashukuru, wanainama, wanasema hicho ni chakula changu cha ibada na hawataki kunikosea. Nimeeleza mpaka nimechoka. Wana adabu sana watu hawa, na adabu yao inaniacha na sufuria zima. Nikikaa kula namkumbuka jirani yetu Mzee Rweyemamu, akija na shingo mkono mmoja na mkungu wa ndizi mkono wa pili, mama anabandika chungu, na kabla hakijaiva nyumba imeshajaa watoto wake na sisi hatujui tena nani ni wa nani.

Unaikumbuka ile Krismasi uliyochelewa Mkolani kwenye msiba? Wageni wake wametoka kanisani wana njaa, mpwa wake kutoka Bukoba anasema yeye atachinja, kuna ugumu gani. Mzee akamwambia, "Nyama ya kuliwa na nusu ya mtaa mimi siitaki. Tumsubiri Athumani." Wakasubiri mpaka mchana. Hapo kwetu mtu akikaribishwa nyama huuliza kwanza, "Kachinja nani?" na jibu lilikuwa jina lako. Nyama yangu mimi inapanda meli kwenda nchi ambazo sijazikanyaga. Huko mtu anatazama muhuri, anaridhika, anakula. Hakuna anayeuliza kachinja nani.

Msikiti ulio karibu uko mji mwingine, nakwenda kwa treni nikipata ruhusa. Siku nyingine zote sina wa kumpa salamu. Asubuhi nikipita zizini nawasalimia ng'ombe kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa sababu nao Kijapani hawakijui. Cheka tu, baba. Mimi nilicheka siku ya kwanza.

Sasa lile neno lako. Ulimtuma mama aniambie mkono umechoka, Mzee Rweyemamu anauliza nani atamchinjia Krismasi hii, na nirudi nishike kisu. Nimelala nalo na kuamka nalo. Muhuri unataka mchinjaji Mwislamu, na hapa ni mimi tu. Wamekuja wengine wawili, baridi ikawarudisha. Nikiondoka, chumba kile kinafungwa, na vijana waliorudi kutoka mijini kwa ajili ya kazi hii wataondoka tena. Nimempa bwana Tanabe ahadi kwamba nitakaa mpaka apatikane mwingine. Krismasi hii sirudi, baba, na ya mwakani sijui. Nimeandika maneno hayo nikalia, sikufichi.

Lakini mchinjaji unaye hapo nyumbani. Nani anayekunolea kisu tangu macho yako yalipofifia? Nani anayeshika miguu ya mbuzi na kumlaza sawasawa bila kumtesa? Ulinifundisha masharti mwenyewe: awe Mwislamu, awe na akili timamu, kisu kiwe kikali, ataje jina la Mwenyezi Mungu. Hukutaja ndevu. Nilimuuliza mkaguzi mmoja, msomi wa dini, kama mwanamke anaweza kuchinja, akanishangaa kwamba mtoto wa mchinjaji nauliza swali hilo. Mtaa utanong'ona kidogo, halafu utakula. Wakiuliza kachinja nani, wataambiwa Mwajuma wa Mzee Athumani, na jina lako litakuwamo bado.

Nisalimie shangazi yangu wa Igoma, mwambie dagaa alionitumia niliwamaliza kwa kuwalamba kama pipi. Nisalimie Mzee Rweyemamu na wote wa nyumbani kwake, umwombe radhi kwa niaba yangu. Nisalimie mama kuliko wote, naye nina ombi kwake. Najua tangu niondoke, kila shingo ikija ananiwekea kipande pembeni kwenye kibakuli changu cha bluu, mpaka kinachacha. Mwaka huu asiniwekee. Kisu mpeni Mwajuma, na shingo ikija ni yake yote.

Dada, najua hapo umeishusha barua. Mrudie baba mstari huo, kwa sauti.

Ni mimi mwanao,
Rajabu